Uzi: Miparachichi yangu ya Njombe ilifia Kigamboni. Tujadili mimea inayokubali kwenye viwanja vyetu

Mleta uzi (Kigamboni)

Wakuu, habari za Jumapili. Naleta uzi huu kwa sababu kila mvua zikikaribia linaulizwa swali lilelile: "Nipande nini nyumbani?" Zinamiminika orodha za miti, na hakuna anayemuuliza mwenye swali anaishi wapi, anamwagilia maji gani, udongo wake ukoje. Orodha za namna hiyo zimenigharimu miche mitatu niliyoipenda sana.

Mwishoni mwa 2019 nilihamia kwangu Kigamboni, nyumba bado haijapigwa plasta ya nje. Krismasi tukaenda ukweni Njombe, na wakati wa kuaga baba mkwe akanipa miche mitatu ya parachichi aina ya Hass, ya kubebesha, yaani tawi la Hass limeunganishwa juu ya shina la parachichi jingine. Ilikuwa na afya hadi abiria wenzangu wakawa wanauliza imenunuliwa wapi. Nilisafiri nayo kutwa nzima ikiwa katikati ya magoti.

Nikachimba mashimo ya futi mbili, nikajaza samadi, nikapanda, nikawa namwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kisima changu. Kufika Februari majani yakaanza kuungua. Si kuwa njano, wakuu. Kahawia kavu, kama karatasi iliyosogezwa karibu na mshumaa: inaanzia kwenye ncha ya jani, inashuka kingoni huku na huku, katikati jani bado kijani kibichi kabisa. Nikadhani ni jua. Nikaongeza maji. Yakazidi kuungua. Nikaongeza samadi. Mche wa kwanza ukafa, wa pili ukafuata.

Wa tatu ndio ulionifungua macho. Masika yaliponyesha ukachipua majani mapya, laini, safi, hayana doa. Nikafurahi kupita kiasi. Mvua zilipokata nikarudi kwenye ndoo na kisima, na ndani ya wiki chache majani yaleyale yakaanza kuungua nchani.

Mzee mmoja jirani, mwenyeji wa huku tangu Kigamboni ni minazi mitupu, akaja kutazama. Hakugusa mti. Alikinga kiganja kwenye ndoo, akaonja, akatema. "Mwanangu, haya ni maji ya mnazi. Parachichi hanywi haya."

Basi kumbe kila ndoo niliyoongeza kwa huruma ilikuwa inaongeza chumvi.

Nilitaka kuhakikisha. Nikachukua sahani mbili nyeusi, moja nikatia maji ya mvua niliyokinga, nyingine maji ya kisima, nikaanika juu ya tangi. Jioni, sahani ya maji ya mvua ilikuwa kavu na safi. Ya kisima iliacha duara jeupe, ukipitisha kidole unabaki unga, na ukilamba unga ule ni chumvi, si chokaa. Fanyeni jaribio hili kabla ya kununua mche wowote. Halina gharama.

Tangu siku hiyo sianzi tena na mti. Naanza na kiwanja. Nitaendelea hapa chini, wenye uzoefu mnaruhusiwa kunikatiza.

Mleta uzi

Naendelea na maji, maana kwa sisi wa ukanda wa bahari hapa ndipo miche mingi inapofia.

Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi kwa kiwango fulani, na kiangazi kikikolea huzidi. Mimea haiichukulii chumvi kwa namna moja. Parachichi yumo kati ya miti dhaifu kabisa kwa chumvi, pamoja na stroberi na maharage. Jamii ya limau na chungwa nayo huumia mapema. Mpera una uvumilivu wa kati. Mnazi, mtende, mkomamanga na mkungu hustahimili vizuri. Kwenye mboga, spinachi tunayokula huku ni ndugu wa biti, kwa hiyo chumvi kidogo haiisumbui, na mchicha nao unajitahidi. Ukitaka nyasi za kufunika uwanja, zile za paspalum huvumilia maji ya chumvi ambayo yangeua nyasi nyingine nyingi.

Jambo la pili ni namna ya kumwagilia. Nilikuwa namwaga kidogokidogo kila siku. Maji yanakauka, chumvi inabaki pale pale mizizi ilipo, kesho naongeza nyingine. Kama huna maji mengine zaidi ya kisima, mwagilia mengi kwa mara moja, yapenye hadi chini na kusukuma chumvi mbali na mizizi, halafu upumzike siku kadhaa. Na usirundike samadi mbichi, nayo ina chumvi zake. Weka mboji iliyoiva, kisha tandaza majani makavu juu ili jua lisinyonye maji upesi.

Mchangiaji (Mbezi Beach)

Mkuu, hongera kwa uzi, lakini sikubaliani na moja. Jirani yangu ana Hass hapa Mbezi, una miaka minne na umestawi vizuri tu. Anatumia maji ya bomba. Kwa hiyo tatizo ni kisima chako, si Dar.

Pia nimesikia ukibebesha Hass juu ya shina la parachichi letu la Pwani, chumvi haisumbui. Umejaribu?

Mleta uzi

Asante mkuu, swali zuri. Muulize jirani yako swali moja: ameshavuna?

Maana kustawi ni jambo moja, kuzaa ni jingine. Hass alipatikana California kwa bwana Rudolph Hass, aliyemsajili mwaka 1935, na damu yake ni ya maparachichi ya milimani ya Guatemala na Mexico. Kwetu amepata makazi Njombe, Iringa, Mbeya, Kilimanjaro, mahali ambapo usiku unajifunika blanketi. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, hivyo kutoka Njombe hadi Kigamboni niliushusha mti ule kwenye joto lililozidi kwa nyuzi 10 na ushei, mchana na usiku, mwaka mzima.

Kuhusu shina umesikia sawa. Ipo jamii ya parachichi ya nchi za joto, yale makubwa, ngozi laini ya kijani, maji mengi. Mizizi yake huvumilia chumvi kuliko ya zile za milimani, hivyo ukibebesha juu yake mizizi itapata nafuu. Lakini kichwa bado ni Hass, na Hass anataka baridi ya usiku ili atoe maua na kushika matunda vizuri. Ukiwa Pwani na unataka parachichi la kula nyumbani, panda hilohilo kubwa la kijani. Nimepanda moja mwaka 2022 na nalimwagilia maji ya tangi la mvua tu. Halijazaa, ila ncha za majani ni nzima.

Joto la usiku linasahaulika kuliko jambo lolote. Watu wanasema "nyanya zangu zinatoa maua halafu yanapukutika, nipige dawa gani?" Mara nyingi hakuna ugonjwa hapo. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 22 au 24, ua la nyanya hushindwa kushika tunda, na Dar tunalala na joto hilo Desemba hadi Machi. Ukisogeza kalenda ili nyanya zako zitoe maua Juni, Julai na Agosti, upepo wa kusi ukivuma na usiku umepoa, utavuna bila dawa ya maua. Zaidi ya hapo umekwepa masika, na bakajani, ule ugonjwa wa ukungu wa majani, halikupati kirahisi. Viazi mviringo navyo ni hivyohivyo: majani yanajaa, ukifukua hakuna kiazi, kwa sababu kiazi kinataka usiku wa baridi ili kiumbike. Kabichi haifungi vizuri. Giligilani inakimbilia maua kabla hujachuma mara mbili.

Wakati huohuo bamia, matembele, kisamvu, nyanya chungu, mlenda na kunde joto hilo ndilo kwao.

Mchangiaji (Lushoto)

Mleta uzi, nakuunga mkono kutokea upande wa pili wa mlima. Mimi nina kitalu kidogo huku Lushoto, tupo kama mita 1,400. Wageni kutoka Dar wakija wanabeba plamu, pea, mawaridi, karoti, halafu wananipigia simu baada ya miezi miwili. Sasa nimeanza kuwauliza wanakaa wapi kabla ya kuwauzia, na wengine huwa nawazuia kununua. Napoteza hela lakini roho inatulia.

Niongezee mfano mmoja. Mtu akisema "mimi napanda mimea ya asili ya Tanzania, haiwezi kunishinda", mwonyesheni Saintpaulia. Ni ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya enzi za ukoloni wa Kijerumani, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina lake. Leo liko kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani kila kona. Huku kwetu linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, chini ya miti mikubwa. Ukilichukua hapa ukaliweka kwenye baraza la Tabata linalopigwa na jua la saa nane, halimalizi mwezi. Tena si ruhusa kuling'oa msituni, mengi ya jamii yake yamebaki machache. Ulaya lipo ndani ya nyumba, kwenye mwanga wa dirisha usio mkali, na ndiyo maana linaishi. Wamelitafutia kivuli cha Usambara.

Mchangiaji (Paje, Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyinyi mwalia na maji, sie huku mashariki ya kisiwa twalia na mawe. Sehemu yetu ni maweni, jiwe la matumbawe na udongo kiganja kimoja tu juu yake. Magharibi ya Unguja na kule Pemba udongo ni wa kina, ndiko mikarafuu iliko. Mgeni hujenga Paje akataka shamba kama la Kizimbani kule magharibi. Hapati.

Mlimau nilioupanda juu ya jiwe ulikuwa njano mwaka mzima, lakini mishipa ya jani ikabaki kijani, kama wavu. Nikatia mbolea, hola. Nikaambiwa na bwana shamba kuwa udongo wa chokaa unakifunga chuma, mti hauwezi kukinyonya hata kama kimo. Siku hizi limau nimelitia kwenye pipa lenye udongo wa magharibi na mboji. Kwenye jiwe lenyewe nimeacha wenyewe wakae: mkadi, mkungu, mnazi kwenye shimo lililokusanya udongo, na mshelisheli nyuma ya nyumba ambako upepo haufiki.

Halafu, mwasema matofaa. Tufaa letu sie si lile la Ulaya. Ni lile jekundu lenye maji maji na harufu ya waridi. Hilo lataka joto na mvua. Mtu wa Dar anayetamani mtufaa apande huo, aachane na epo.

Mleta uzi

Shukrani sana ndugu yangu wa Paje, hapo kwenye tufaa umegusa penyewe. Epo wa Ulaya anataka saa nyingi za baridi ili macho ya matawi yaamke. Makete na Njombe anapata kiasi, Pwani hapati kabisa. Mtufaa wetu kivuli chake ni kizito na maua yake yakidondoka chini panakuwa kama umetandika busati la pinki. Kwa nini tuutamani ule mwingine?

Mchangiaji (Mombasa)

Hamjambo. Niwaletee mfano mkubwa wa hili jambo la kuuliza kiwanja kwanza. Hapa Bamburi kulikuwa na machimbo ya mawe ya saruji, jiwe tupu la matumbawe, maji ya chumvi karibu, jua la kukaanga. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ile ya saruji, alianza kupanda miti pale. Alijaribu aina 26. Zilizosimama ni tatu tu: mvinje, mnazi na Conocarpus. Hakubishana na jiwe, aliendelea na hizo tatu, na mvinje ndio ukabeba kazi. Majani yake makavu yalikuwa hayaozi, akaletwa jongoo mkubwa anayeyatafuna na kuyageuza kuwa udongo. Sasa ni msitu, watu wanaingia kwa tiketi kuona twiga na viboko, na miti mingine mingi imefuata juu ya udongo ule.

Aina 23 zilikufa mikononi mwa mtaalamu. Usijilaumu mno kwa miparachichi mitatu.

Ila niwaonye pia. Kuna mti unaokubali kupita kiasi. Baringo, huku Kenya, walileta mathenge, mti wa miiba (Prosopis), miaka ya 80 kwa sababu unavumilia ukame kuliko kitu chochote. Ulivumilia kweli, ukameza malisho, na miiba yake inajeruhi mifugo. Mtu akikuuzia mmea kwa sifa kwamba haufi na unaenea wenyewe, muulize unaenea hadi wapi.

Mchangiaji (Dodoma)

Kwa wa kanda ya kati: mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha miezi mingi mikavu. Ukavu huo ndio unaoibeba zabibu. Ukikata matawi kwa wakati unavuna mara mbili kwa mwaka, na ukungu hausumbui kama ambavyo ungesumbua Dar kwenye unyevu. Nina mizabibu minne imetengeneza kivuli cha kuegesha gari. Anayetaka ushauri, TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Makutupora wapo hapa na kazi yao ni zabibu.

Na mwarobaini, mkomamanga, mlonge na mbuyu huku haina mjadala.

Mleta uzi

Mkuu wa Dodoma asante. Wa mikoa mingine: TARI Mlingano, Muheza, wanapima udongo, na TARI Tengeru, Arusha, wanajua mboga na matunda. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa vuli na masika kabla ya msimu. Usomeni kabla ya kupanda mti, si baada.

Nisisahau video za nje, maana tunazitazama wote. Zile namba za kanda za Marekani, "kanda ya 9", "kanda ya 11", zinapimwa kwa baridi kali ya usiku mmoja wa mwaka. Zinamwambia mtu wa kule kama mti utakufa kwa barafu. Dar haijui barafu, kwa hiyo namba ile haikuambii lolote kuhusu chumvi, joto la usiku wala miezi ya ukame. Vilevile wanasema panda upande wa kusini wa nyumba ndio wenye jua. Kwetu jua linahama. Juni linapita kaskazini mwa nyumba yako, Desemba linapita kusini. Ukuta uliokuwa kivulini Juni unachomwa Desemba. Simama uani saa sita mchana katika miezi hiyo miwili uweke alama.

Mbegu pia. Dada yangu aliletewa vitunguu kutoka Ujerumani, pakiti nzuri kabisa. Vikatoa majani ya kupendeza, miezi mitano, chini hakuna kitunguu. Aina zile husubiri siku yenye mwanga wa saa 15 au 16 ndipo zifunge. Siku yetu ndefu kuliko zote Dar ni saa 12 na nusu hivi. Zingesubiri milele. Red Creole na Bombay Red hazihitaji siku ndefu, ndiyo maana zinafunga huku.

Mchangiaji (Tabata)

Wakuu, mimi nimesoma uzi wote na sasa naogopa kununua hata mche mmoja. Nina kieneo cha mita tatu kwa nne upande wa magharibi, dirisha la chumba cha mama linapigwa jua jioni, ana miaka 74 na anateseka na joto. Maji ya bomba. Udongo sijui ni wa aina gani, unashika kwenye viatu. Nataka kivuli na matunda kama inawezekana.

Mleta uzi

Pole kwa mama, shikamoo zake. Usiogope, una maji mazuri, hiyo ni nusu ya kazi.

Kwanza tembea mtaani kwenu. Tazama miti yenye miaka 10 na kuendelea ambayo hakuna anayeimwagilia. Hiyo ndiyo imeshafanya mtihani wa udongo wenu. Usipande fikasi karibu na nyumba, mizizi yake inapasua kuta na mabomba. Mwembe na mfenesi ni mikubwa mno kwa mita tatu.

Nafikiria mstafeli. Haukui mkubwa sana, hauishiwi majani mwaka mzima, unapenda joto na unyevu wa Pwani, na nyumba itaukinga na upepo. Lakini hautaki miguu kukaa majini, na udongo unaoshika kwenye viatu unanitia shaka. Dada yangu yupo Kinyerezi bondeni, mipapai yake miwili ilioza mizizi baada ya siku mbili za maji kutuama.

Kwa hiyo chimba shimo la futi moja na nusu, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Hiyo mara ya pili hesabu muda. Kwangu mchangani yaliisha ndani ya dakika nne. Kinyerezi kesho yake asubuhi yalikuwa bado yamo.

Mchangiaji (Tabata)

Nimefanya leo. Mara ya pili nimejaza saa nane kamili. Saa kumi na moja kasoro yameisha. Na nimeona mstafeli nyumba ya nne kutoka kwetu, mwenyewe anasema ulikuwepo aliponunua nyumba 2008.

Mleta uzi

Yanapita, ila polepole. Panda mstafeli mkuu, juu ya tuta la kama futi moja ili maji ya masika yasikae shinani, mita mbili na nusu kutoka ukutani. Usubiri mvua za kwanza zilowanishe udongo. Na kwa kuwa utachukua miaka kadhaa kufika dirishani, weka fremu ya mianzi mbele ya dirisha sasa hivi na uupandishe mpasheni, ambao kwa miezi michache utakuwa umempa mama kivuli. Mwombe mwenye mstafeli wa nyumba ya nne mbegu za tunda lililoivia mtini.

Mchangiaji (Tabata)

Ameshanipa. Zipo kwenye kikombe cha maji hapa, 31.